Jina la Kubandika kwenye Sanduku la Hafsa

Jumapili, jioni. Joto kali, upepo wa vumbi tangu adhuhuri, na mimi nina wino kwenye vidole ambao hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

Nimekasirika, na leo sitaki kujifanya sijakasirika. Mnaonisoma hapa mmezoea kunikuta nikilalamikia insha za wanafunzi wangu. Leo nitailalamikia mashine, halafu nitafika kwa mtu ninayemlalamikia hasa.

Hafsa anaondoka kesho. Ni binti ya mke wangu Sahra. Ana miaka kumi na mitano, na ameitwa Gredi ya Kumi katika shule ya bweni ya wasichana upande wa Ijara. Nilipomuoa mamake, Hafsa alikuwa na miaka mitano na meno mawili ya mbele hayapo. Mimi na Sahra hatujajaliwa mtoto mwingine. Hafsa ndiye mtoto wa nyumba hii, na ananiita Adeer, yaani baba mdogo, kama ilivyo kwetu Wasomali.

Barua ya shule ina orodha ndefu: sanduku la bati, ndoo, sahani, godoro, kamusi, jozi mbili za viatu. Chini kabisa, kwa herufi nzito, imeandikwa kwamba kila kitu kiwe na jina kamili la mwanafunzi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ningeweza kuchukua kalamu ya wino mzito nikaandika, yakaisha. Lakini mimi mwenyewe nilisoma bweni, kule Wajir, na jina langu liliandikwa kwa kalamu kama hiyo. Wiki ya pili mtu akaisugua ndoo yangu kwa mchanga mpaka jina likatoka, na akaoga nayo mbele yangu muhula mzima. Niliapa mtoto wangu hatapitia hayo.

Nilijaribu mjini kwanza. Mwenye saiba mmoja, duka la kompyuta, alinichapishia stika arobaini, zote zikiwa zimeandikwa "Hafswa". Nilipomwonyesha kosa akasema ni jina lile lile. Ndipo nikaamua kuchapisha nyumbani. Nikaazima printa kwa mwalimu mwenzangu, nikanunua pakiti ya karatasi za stika, zile zilizokatwa tayari vipande ishirini na vinne kila ukurasa. Video niliyoitazama ilisema ni kazi ya dakika tano.

Yule wa kwenye video haishi Garissa.

Joto letu linailainisha gundi. Karatasi zinajikunja pembeni hata kabla hujazitoa kwenye pakiti. Ijumaa, ukurasa wa kwanza ulichapisha "Hafsa" kwenye stika moja na kipande cha jina la babake kwenye stika ya chini yake. Wa pili niliuingiza kichwa chini, ukachapishwa mgongoni. Kisha zikaingia karatasi mbili kwa pamoja zikiwa zimegandana kama chapati za anjera za jana. Nikachukua rula, nikapima kingo kwa milimita, nikabadilisha namba kwenye kompyuta, nikachapisha tena, na maandishi yakahama kwenda upande mwingine kabisa.

Nikiwa katikati ya mambo hayo, Hafsa alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Adeer, kwani ni lazima liandikwe lote?"

Nikasema ndiyo, ni sheria ya shule. Sikugeuka. Nilidhani anaona jina ni refu. Alisimama kidogo, kisha akaenda zake, na mimi nikarudi kwenye milimita zangu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloona haya kuliandika.

Jina lake ni Hafsa Yusuf Dagane. Yusuf ni babake, dereva wa malori. Aliachana na Sahra mtoto akiwa na miaka mitatu, na sasa ana familia nyingine upande wa Liboi. Si mtu mbaya. Miaka mingine hupiga simu siku ya Idi, miaka mingine hapigi. Mimi ndiye niliyemshika Hafsa mkono akajifunza kuandika jina lake, na nililiandika lote hivyo hivyo, pamoja na huyo Yusuf, kwenye jalada la daftari lake la kwanza. Sikuwahi kuwaza vingine.

Jana alasiri nilikuwa peke yangu. Sahra na Hafsa walikwenda sokoni kutafuta godoro. Nikajiambia nitajaribu tu kama vipimo sasa viko sawa. Badala ya jina lake, nikaandika "Hafsa Abdirashid". Abdirashid ni mimi. Nikachapisha safu moja ya juu, stika tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa zilitoka zimenyooka, kila herufi mahali pake.

Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Hakuna mtu duniani anayebeba jina langu. Kisha nikabandua mbili, nikazifinya, nikazitupa. Ya tatu nikaiacha pale pale kwenye ukurasa, nikasema nitaitupa baadaye, nikasahau.

Leo baada ya adhuhuri nikakaa kazini tena. Karatasi zilikuwa zimebaki chache, na ubahili ukaniingia: kwa nini nisitumie ule ukurasa wa jana, uliobakiwa na stika nyingi safi? Nikaurudisha kwenye printa. Kumbe ukishabandua baadhi, zilizobaki hazishiki vizuri. Printa ikauvuta nusu, ikatoa sauti ya mbuzi anayetafuna mfuko wa plastiki, ikanyamaza. Stika moja ilikuwa imebanduka ndani na kujizungusha kwenye rola.

Nilifungua kifuniko. Nikaingiza kalamu, ikashindwa. Nikaleta kisu cha mezani. Sahra alikuwa kwenye mkeka anashona jina kwenye pembe ya blanketi, kwa sindano na uzi mwekundu, taratibu, bila shida yoyote. Hilo nalo liliniudhi.

"Hiyo brinta si yako, Abdirashid," akasema, maana P humtoka B. "Ukiivunja utamwambia nini mwenyewe?"

Hafsa ndiye aliyekuja na kibano cha nyusi cha mamake. Ana vidole vyembamba. Akaniambia nisogee, akainama, akaingiza mkono mle ndani, akavuta polepole mpaka stika ikatoka yote, imekunjamana na ina alama za rola. Akainyoosha juu ya goti lake.

Akaisoma. Nilimwona akiisoma mara mbili.

"Adeer, hii ni ya nani?"

Nikasema ni ya majaribio tu. Mwanafunzi akinipa jibu kama hilo namrudisha kwenye kiti chake.

"Ijumaa nilikuuliza kama ni lazima jina liandikwe lote," akasema. "Ulisema ndiyo. Kumbe na wewe ulishajaribu lingine."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akiuliza siku ile. Hakuwa analalamikia urefu.

"Mimi naenda mbali," akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na kila kitu changu, mpaka kijiko, kitakuwa na jina la mtu ambaye hajui niko darasa gani."

"Huyo ni baba yako, Hafsa," Sahra akasema kutoka kwenye mkeka.

"Najua, hooyo. Sijasema si baba yangu. Nimesema hajui niko darasa gani."

Sahra akainamia uzi wake.

Basi nikafanya ninachojua kufanya, nikafundisha. Nikamweleza kwamba dini yetu iko wazi, mtoto huitwa kwa jina la baba aliyemzaa, na kumwita kwa mwingine ni kumdhulumu yeye na babake. Nikamweleza habari za cheti cha kuzaliwa, za mitihani, za kitambulisho atakachochukua akifika miaka kumi na minane. Nilisema mambo ya kweli tupu, kwa mpangilio mzuri, na alinisikiliza jinsi darasa linavyosikiliza likisubiri kengele.

Nilipomaliza akasema, "Hayo yote nayajua, tulisoma duksi pamoja na Kurani. Mimi nilitaka kujua wewe ungependa nini."

Nami nikajibu, "Ngoja kwanza nitengeneze printa."

Nimeiandika sentensi hiyo kama nilivyoisema ili niione. Mtoto ananiuliza swali moja la maana katika miaka kumi, na mimi natafuta hifadhi nyuma ya printa ya kuazima.

Aliiweka ile stika mezani, akatoka nje.

Na unajua kilichofuata? Printa ikafanya kazi. Nikaweka ukurasa mpya, nikabonyeza, zikatoka stika ishirini na nne za "Hafsa Yusuf Dagane", zimenyooka kama safu za sala. Siku tatu nilikuwa nikiuomba ukurasa huo. Nilitamani kuupiga teke.

Siku tatu! Hizo ndizo zilizokuwa siku zake za mwisho hapa nyumbani, na nimezitumia zote nikimpa mgongo. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu na sikugeuka. Sahra alinitazama, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Hafsa alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, juu ya ndoo yake mpya iliyogeuzwa. Sikuwa na pa kukaa, nikachuchumaa. Magoti yangu hayapendi hivyo tena.

"Ningependa," nikamwambia. "Umeniuliza ningependa nini, na jibu ni hilo. Niliandika jina langu ili nilione, mara moja tu. Halafu nikaogopa ukiliona utadhani nataka kukunyang'anya kwa babako."

Upepo ulileta vumbi, akajifunika uso kwa mtandio, na nilipomwona tena macho yalikuwa mekundu. Sikuuliza kama ni vumbi.

"Kwa hiyo haiwezekani," akasema.

"Jina haliwezekani. Hilo si langu kulitoa."

"Basi ongeza mstari wa pili. Sheria haijasema mstari uwe mmoja."

Tukarudi ndani, safari hii yeye akiwa kwenye kiti na mimi nimesimama nyuma. Nikamwambia aandike "Mlezi", halafu jina langu. Akaandika, akaliangalia, akafuta.

"Mlezi ni neno la fomu."

Akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili: "Kikipotea, kirudishwe kwa Adeer Abdirashid, Garissa." Adeer ni neno lile lile analomwita mwenye duka la kona na mzee wa msikitini. Lilinichoma kidogo, siwezi kukataa. Lakini ndilo alilonalo, na hakutafuta lingine.

Tulikuwa tumebakiwa na ukurasa mmoja. Nikaupapasa mbele na nyuma, nikaukandamiza chini ya kamusi yake mpya ulale, nikasema bismillahi. Ukaingia. Umefika katikati, stima ikapotea.

Nilisema neno ambalo mwalimu hasemi. Hafsa akacheka, mara ya kwanza leo.

Tulisubiri karibu saa nzima. Sahra akapika chai. Hakuna aliyezungumzia majina. Hafsa alinieleza jinsi rafiki yake alivyonunuliwa sanduku ambalo kufuli lake halifungi, na mimi nilimweleza habari za ndoo yangu ya Wajir, akauliza, "Na hukumwambia kitu?" Nikakiri sikumwambia. Akatikisa kichwa kama Sahra anavyotikisa.

Stima iliporudi, printa ikautema ukurasa; tukaurudisha ichapishe nusu iliyobaki, na wino mweusi nao ukawa unakwisha. Kuanzia katikati, maandishi yalitoka yamefifia mpaka yakapotea kabisa. Tukahesabu, stika kumi na moja zinasomeka. Nikaanza kuomba radhi. Hafsa alikuwa ameshazichukua, anapanga ni ipi ibandikwe wapi: sanduku, ndoo, kamusi, chupa ya maji, kijiko. Vilivyobaki vikapata zile za mstari mmoja, ule ukurasa ulionyooka. Alizibandika bila kinyongo. Ni jina lake.

Sasa hivi ninapoandika, adhana ya magharibi haijaingia, na stika ya kwenye sanduku imeshaanza kuinuka pembeni. Joto hili! Sahra anapitisha selotepu pana juu ya kila moja, na kila akivuta, inalia kama nguo inayochanika. Ningeweza kununua selotepu na kalamu siku ya Ijumaa, tukakaa watatu kwenye mkeka, tukamaliza kabla chai haijapoa. Sijui nitajisamehe lini kwa hilo. Nimejaribu kujiambia kwamba bila ile mashine kukwama nisingeulizwa lile swali, lakini hiyo ni hesabu ya mtu anayejitafutia nafuu. Alikuwa ameshaniuliza Ijumaa. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuka.

Basi linaondoka saa moja na nusu asubuhi. Sahra atalia, hilo linajulikana. Mimi sijui nitasema nini. Nimetunga maneno tangu alasiri na yote yanasikika kama hotuba ya siku ya kufunga shule.

Pengine nitamwambia tu akae upande wa kulia, jua la asubuhi lisimchome njia nzima.