Shemeji Anauliza Tai Wangu Ni Nani

Mpendwa Mama Teresina wa redioni, naomba unisaidie haraka maana kila gari likisimama nje nachungulia dirishani, mimi ni Akuol, nimelelewa Nakuru ukimbizini na sasa nimerudi kwetu, nafanya kazi mtaa wa Thongpiny, naishi mtaa wa Hai Malakal kwa dada yangu Achok na mume wake Manyang, mtu wa usalama wa taifa, na nimeanza kuandika riwaya ya mji wa kubuni, miaka mingi ijayo, ambako kila anayeingia hukabidhi kivuli chake getini, na juu ya tangi la maji amekaa tai mwenye njiti ya kiberiti mdomoni, hakuna anayekunywa kabla yake, basi Jumapili nikawasomea wenzangu wa kwaya huo mwanzo, mmoja akasema, "Huyu si Manyang?" wakacheka sana, na maneno yakafika nyumbani kabla yangu.

Shemeji hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniogopesha, alichomoa njiti kwenye meno akauliza, "Kivuli ni nini?" nikamwambia ni kumbukumbu za watu wetu waliokufa vitani, tunaambiwa tuziache kwa kuwa sasa kuna amani, akasema, "Sawa. Na ndege?" nikajibu ni woga tu, akatabasamu, "Kalas, basi, Ijumaa utakuja kuwaeleza wenzangu ofisini," na tangu hapo Achok hanitazami usoni, je, niende nikaeleze, nitoroke, au nichome kila kitu?

*

Akuol mwanangu,

Barua yako siisomi redioni. Jibu hili analileta Keji, wa kina mama wa kanisani kwenu.

Una haki ya kuogopa. Ukiwaambia tai ni woga, watakuuliza anayeogopesha ni nani, na hakuna jibu litakalowatosha. Lakini hebu niambie, ni tai gani anayechokonoa meno? Kile kivuli ulikifikiria, kimenitetemesha mimi niliyepoteza watu wangu wawili vitani nisijue walipozikwa. Tai hukumfikiria. Ulimnyooshea shemeji yako kidole, ukamvika manyoya, ukamcheka mbele ya kwaya nzima!

Sasa sikiliza. Ondoka na Keji mchana huu huu. Ijumaa usikanyage ofisi hiyo. Mchungaji na mjomba wako ndio watakaokwenda kwa Manyang, nyumbani, wamwombe radhi kwa ile njiti tu. Mengine ni hadithi, usimfafanulie mtu yeyote. Karatasi usichome, mpe Keji. Ukitulia, mwandike huyo ndege upya, kila msomaji amwogope kwa sababu zake mwenyewe.

Na kabla hujatoka, mshike Achok mkono. Hajakukasirikia, mwanangu. Wewe unahama, yeye anabaki humo.