Koko Amebaki Ng'ambo ya Mto

Nguba, Bukavu
Tarehe 17 Aprili 2024

Mpendwa Tonton Grégoire,

Yezu Kristu asifiwe. Habari za Kolwezi? Kifua chako kimepoa? Tantine Olive na watoto wameamkaje? Sisi hapa nyumbani tuko wazima, ila miguu yangu bado imevimba.

Tonton, kwenye simu Papa alikuambia kwamba mama yenu, Koko wetu, anapumzika kwanza Luhwindja, atashuka baadaye. Sivyo ilivyo. Papa mwenyewe ameniomba nikuandikie ukweli, kisha akatoka nje.

Wiki iliyopita mimi na Papa tulikwenda kumchukua ili aletwe hospitali. Gari lilituacha Walungu, kwa sababu mvua imekata barabara. Kutoka hapo tulitembea siku tatu, tukizunguka milima iliyoporomoka. Tulivuka mito saba tukiwa tumeshikana mikono, na usiku tulilala kwenye makanisa madogo ya vijijini.

Aloys, jirani wa Koko, na wenzake walikuwa wamembeba mabegani kwa kipoyi, kile kiti cha miti, mpaka kwenye daraja la miti tulipopatana kukutana. Walifika jioni ya siku ya pili ya safari yetu. Unajua desturi ya kwetu: wabebaji hawamkabidhi mgonjwa kwa wageni, lazima apokelewe na mtu wa damu yake. Basi wakatungoja upande wao.

Jioni ileile mimi niliomba tulale njiani badala ya kufika darajani usiku, kwa sababu kiatu kilikuwa kimenikata kisigino. Alfajiri maji yakalibeba daraja. Tulipofika tulikuta nguzo mbili tu, na Koko ng'ambo, amekaa kwenye kipoyi chake. Papa anasema si kosa langu. Lakini mimi nimezihesabu zile saa.

Papa aliingia majini mpaka magotini. Sauti ya Koko haikuweza kutufikia, kwa hiyo Aloys akawa anapaza maneno yake.

“Marcellin! Maman anauliza kama bado haujui kuogelea!”

“Siyui, Maman!”

“Basi utoke mu mayi! Anasema tumbo yako itakuvuta chini!”

Tulicheka wote, hata wabebaji. Papa alicheka akiwa amefunika uso.

Tulingoja siku mbili. Kila alasiri mvua ilirudi. Papa alifunga dawa kwenye mfuko pamoja na jiwe, akazitupa kwa nguvu zake zote. Zilianguka katikati.

“Anasema murudi ku nyumba!” Aloys akaita. “Kuko baridi, mutoto atagonjwa!”

Walipoinua kipoyi, Koko aliwaomba wakigeuze. Walipanda naye mlima akiwa anatutazama sisi, mpaka migomba ikamficha.

Daktari alisema mguu wa Koko, ule wenye kidonda cha sukari, hauwezi kungoja kupita mwisho wa mwezi huu. Maji hayapungui kabla ya Juni. Hata hivyo mimi naomba kila asubuhi mvua ikatike mapema, maana sijui la kufanya zaidi.

Shuleni nilikosa majaribio mawili ya hesabu. Masista wameniruhusu niyarudie.

Barua hii ataileta Maman Agathe, anayepanda ndege kesho. Wasalimie Tantine Olive, Hugues na Bintu mdogo. Maman hapa nyumbani anawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake, nyinyi huko na Koko kule juu.

Neno moja la mwisho, Tonton. Kila Jumapili baada ya misa Aloys hupanda kilimani penye mtandao, na ameahidi kwamba watambeba Koko hadi hapo. Mpigie Koko kwa simu ya Aloys Jumapili hii. Usingoje kwanza upate maneno mazuri. Masikio yake bado yanasikia vizuri.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Fabiola