Mkwe Nimemgusa

Endebess, Jumanne

Baba Nafula mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Kukhu, mama yako, na ule mguu wake. Je, uvimbe umeshuka? Nasalimu Simiyu wetu, Naliaka na kikohozi chake, na Wanjala mdogo ambaye nasikia sasa anachunga peke yake. Shemeji Makokha na watu wa nyumba yake pia. Hata ng'ombe nisalimie. Mimi mwili ni mzima. Huku shambani tunavuna mahindi, mikono imepasuka lakini tunakula. Sasa keti chini, Baba Nafula, usisome hii umesimama.

Jumapili nilienda Kitale mjini kuona Nafula. Unajua mume wake alinunua televisheni, ile ya kutumia betri ya gari. Jioni majirani walijaa kuangalia mchezo mpya wa kuchekesha, ndiyo siku ulikuwa unaanza. Si nilikuambia ule wa zamani, wenye mama mkwe wa mdomo mwingi? Sasa wamemtoa humo wakampa mchezo wake mwenyewe, yeye na familia ya binti yake. Mimi nilikaa jikoni nyuma ya pazia, vile mila yetu inataka, mkwe asinione na mimi nisimwone. Nilikuwa nasikia tu.

Kumbe mama huyo anahamia kwa mkwe wake na mabegi. Wanakula meza moja, anamnyang'anya paja la kuku, anamtuma abadilishe shati. Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mimi aibu ilinishika huko peke yangu. Halafu jirani mmoja, fundi wa baiskeli, akamwambia mkwe wetu, "Bana, na wewe si uko na wako hapo nyuma ya pazia? Mwite akuvalishe shati."

Nafula akacheka. Alicheka kama wengine, hakuna kingine alifanya.

Nilisikia kofi, halafu kikombe, halafu kitu kizito kikaanguka na nikajua ni mtoto wangu. Mume wake alimpiga mateke ya tumbo. Alimburuta, akamgonga kichwa kwa mlango, akamgonga tena. Majirani wakatoka mmoja mmoja, ati ni mambo ya mtu na bibi yake. Televisheni ilikuwa bado inacheka. Nafula hakuniita. Alikuwa anamwambia tu yeye, polepole, "Mama yuko hapo. Mama anasikia."

Nikafungua pazia. Baba Nafula, yule kijana aliponiona aligeuza uso haraka akaangalia ukuta, vile mkwe anatakiwa. Heshima hiyo alikuwa nayo. Na mkono wake ulikuwa bado kwa nywele za mtoto wetu.

Nilimpiga na mwiko wa ugali mpaka ukavunjika. Nikamuuma mkono mpaka akaachilia, damu yake niliionja. Tulianguka chini pamoja, mimi na mkwe wangu, nguo yangu imepanda, watu wanachungulia dirishani. Najua hiyo habari itafika huko Bungoma kabla ya barua hii.

Nafula niko naye hapa kambi ya wafanyakazi wa shamba. Mkono wa kushoto umevunjika, wameufunga. Jino la mbele limetoka na jicho moja halijafunguka. Mume wake ametuma neno, Jumamosi atakuja na ndugu zake kumchukua, na watakuja na panga. Tena anasema nimemgusa, kwa hivyo kondoo achinjwe kwanza nisafishwe ndipo mambo mengine yaongewe. Kondoo sikatai. Nitasimama mbele ya wazee waniseme wanavyotaka. Lakini Nafula amekataa kupanda gari aje nyumbani. Anasema, "Baba alikula ng'ombe zao za mahari, atanirudisha tu." Namwambia baba yako si mtu wa hivyo. Nimemwambia mpaka nimechoka, na ananiangalia tu na lile jicho moja.

Nisalimie dada yangu Nasimiyu akitoka Lwakhakha, na mama mchungaji, atuombee.

Sasa sema wewe. Andika kwa mkono wako, usitume mtu aseme, ili Nafula asome mwenyewe kwamba mlango wako uko wazi. Mimi utanikasirikia nikifika. Mpe jibu dereva wa gari la maziwa, lifike kabla ya Jumamosi, tafadhali baba, upesi.

Ni mimi mama ya watoto wako,
Nekesa