Mgeni wa Sura ya Nne

Buhongwa, Jumapili, mwezi wa pili tangu tupate uhuru. Jua limekuwa kali mchana kutwa, na hata sasa usiku siwezi kukaa kitako. Nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa hivyo hivyo.

Nianze na kitabu, maana bila kitabu hakuna Yosefu. Ni riwaya mpya aliyoinunua mjini, tunaisoma kwa zamu. Katika sura ya nne mwanamume mgeni anaingia kijijini, anapanga chumba, analima, na kitabu kinakwisha bila mwandishi kutuambia ni nani wala amefuata nini. Nilipofika mwisho mara ya kwanza nilitaka kukitupa ziwani.

Yosefu ni karani wa pamba kule Misungwi. Yeye anashikilia kwamba mgeni yule ni mwizi wa ng'ombe. Mimi nilisema ni mpelelezi wa wakoloni. Tumebishana kila Jumapili tangu mavuno. Anafika na baiskeli, jasho linamtoka, na hata maji hajanywa ananiuliza, "Haya mwalimu, leo una ushahidi gani?"

Sasa amehamishiwa Bukoba, na meli yake inaondoka kesho. Wiki nzima nimekuwa najiuliza: huyu mtu anafuata kitabu au ananifuata mimi?

Sikuwa na wa kumwuliza.

Alhamisi nikakirudia kitabu, nikaona. Mle ndani yumo Nyamizi, binti aliyesomea mbali. Mama yake akipita kisimani, mgeni anatoka njiani na kugeuza uso. Siku nyingine wanaume wanakula uani, mama huyo anatokea, mgeni anaacha chakula na kuondoka. Kijiji kizima anakisalimia isipokuwa yeye. Jamani, si mkwewe huyo! Huku kwetu Usukumani mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, humpisha kwa heshima. Kumbe Nyamizi alishaolewa naye kimyakimya huko masomoni. Nilicheka peke yangu hadi jirani akaniuliza kulikoni.

Nakiri, leo Yosefu alipofika sikumwambia. Fumbo likiisha, ataniandikia nini kutoka Bukoba? Nikamwacha ang'ang'anie mwizi wake wa ng'ombe, nami nikang'ang'ania mpelelezi wangu, huku roho inaniuma.

Jioni nikamsindikiza. Mama alikuwa anarudi kutoka kwa shangazi, akawa anatujia kwa mbele. Siku zote Yosefu akimwona mama humkimbilia, shikamoo kwa mikono miwili, na mzigo anampokea. Leo alimwona, akasita, kisha akaingia na baiskeli yake katikati ya mihogo, akatugeuzia mgongo na kuinama.

Nilidhani tumbo limemkata. Halafu nikaelewa.

Nikamtazama mama. Naye alikuwa amesimama. Akavuta kanga akajifunika uso, akaacha njia, akazunguka nyuma ya zizi la jirani kama vile hakuona mtu. Mama yangu, na magoti yake yale mabovu, amezunguka zizi zima kwa ajili ya Yosefu.

Yosefu alitoka mihogoni na majani kichwani, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Nimemkuta mama jikoni anacheka mpaka machozi. "Mwambie atume wazee wake," ameniambia. "Asidhani kukanyaga mihogo ya watu kunatosha. Ng'ombe wako wapi?"

Sijui Yosefu aligundua lini siri ya yule mgeni. Huenda alijua zamani, na mwizi wa ng'ombe alikuwa kisingizio cha kuja huku kila Jumapili. Nikiwaza hivyo nacheka tena.

Kesho nitadamka niende bandarini kabla meli haijang'oa nanga. Hata asiponiuliza kitu, nitamjibu ndiyo.