Sekunde Kumi na Mbili za Raundi ya Tisa

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba kifua kimekupa nafasi ya kulala. Mimi ni mzima, ila na ule uoga wangu unaoujua. Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayapatani. Mara ya mwisho nilikupigia kukuambia nimepata kazi, ukanijibu, "Poleni sana, alikuwa ameugua muda mrefu?"

Basi sasa isome kwa macho: nimepata kazi. Ni karani wa masjala katika baraza la ngumi. Napokea majalada, nayaorodhesha, na nakaa kwenye dirisha la wageni. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Nimeuwekea karatasi iliyokunjwa mara nane, na bado inanesa nikiandika.

Baraza linataka kumchagua bondia bora wa zama zenu. Jina lake litaandikwa juu ya mlango wa ukumbi mpya, naye atapewa chumba na muuguzi wa kumtunza mpaka mwisho wake. Waliobaki ni wawili, na utacheka: Kisiki na Cherehani. Yaani ule ubishi wetu wa mezani tangu nina miaka saba umegeuka kazi ya ofisi! Hapa nako watu wamegawanyika. Tarishi ni wa Kisiki, mpiga chapa ni wa Cherehani. Jana tarishi alisema, "Huyo Cherehani wenu alikuwa anarusha ngumi kama mtu anayefukuza nzi." Mpiga chapa akajibu bila kuinua kichwa, "Na nzi mwenyewe alikuwa Kisiki."

Nimeagizwa kukusanya karatasi zote za pambano lao la mwisho. Wewe ndiye uliyepiga kengele siku ile, basi nikumbushe raundi ya tisa iliisha vipi, maana magazeti yanapingana. Cherehani mwenyewe huja dirishani kila Jumatano. Sasa ni mlinzi wa ghala la mbao. Anavua kofia, anauliza, "Mwanangu, karatasi ya mpiga kengele imeonekana?" Anadai kengele ya raundi ya tisa ililia kabla ya muda wake. Mkuu wa masjala anasema mzee huyo ameimba wimbo huo miaka thelathini na moja, na watu walishamwita kichaa. Sijamwambia mimi ni mtoto wa nani.

Nijibu mapema.

Ni mimi binti yako

14 Februari

Mama,

Marahaba. Kifua kinakohoa kwa mazoea tu, usikitilie maanani. Hongera sana kwa kazi. Umesoma mpaka umefika mahali pa kulipwa kwa kubishana. Mimi nimebishana bure maisha yangu yote.

Jibu langu hulijui? Kisiki. Cherehani alikuwa na mikono, sikatai. Zile ngumi zilikuwa zinashona, tap tap tap, sindano huioni, unashtukia umeshapigwa kiraka. Lakini bondia hapimwi kwa kuangusha. Mlevi naye anaangusha meza. Bondia anapimwa kwa kuinuka.

Raundi ya tisa Kisiki alikula ngumi ya kushoto, akaenda chini. Refa alihesabu mpaka saba, kengele ikalia. Kwa sheria za siku zile kengele ikilia hesabu inakufa. Walimbeba mpaka kwenye kiti chake kama gunia. Raundi ya kumi akasimama! Akapigana raundi sita nyingine na akashinda kwa pointi moja. Nitajie mwingine aliyefanya hivyo, nami nitanyamaza.

Hayo ya kengele kuwahi, mwache mzee aseme. Aliyeshindwa hakosi la kusema. Na hiyo karatasi usiitafute sana, panya walikuwa wengi pale stoo.

Jumamosi nilikwenda kumnyoa Kisiki ndevu kama kawaida yangu. Dada yake anamlisha kwa kijiko siku hizi. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia. Nilipomaliza shavu la pili akaniuliza tena. Hicho chumba na muuguzi, mama, vingemfaa.

Ni mimi baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo. Naomba uwe mzima unaposoma, na uwe umeketi.

Panya hawakuila. Ilikuwa ndani ya bahasha ya picha, mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta. Karatasi moja, mistari kumi na tano, kila raundi na muda wake kama saa yako ilivyosoma. Dakika tatu, dakika tatu, dakika tatu. Mbele ya raundi ya tisa umeandika dakika mbili na sekunde arobaini na nane. Mwandiko ni wako. Nne yako imefungwa juu kama unavyoandika siku zote. Chini umetia sahihi.

Nimeitazama mpaka macho yakauma. Baba, refa alikuwa amefika saba. Zilibaki tatu tu Kisiki ahesabiwe ameshindwa, nawe ulikuwa bado na sekunde kumi na mbili mkononi. Na kama ulikusudia, kwa nini ukaandika? Ungeweza kuandika tatu kama mistari mingine, na hakuna binadamu ambaye angejua.

Kamati inakaa tarehe mbili Aprili. Mkuu wa masjala anataka orodha ya kila karatasi iliyopatikana, na mimi ndiye nitakayetia sahihi. Nimeificha chini ya karatasi za kunakilia. Mlango ukilia nashtuka. Jana Cherehani alikuja siku isiyo yake, akasema alikuwa anapita tu. Nilimwambia bado naitafuta. Akanishukuru, Baba. Akanishukuru.

Niambie nifanye nini. Usikae kimya.

Binti yako

19 Machi

Mama,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Afya yangu iache kwanza.

Umeuliza kama nilikusudia. Nilikusudia. Kisiki na mimi tulikua mtaa mmoja, tumevaliana mashati. Alipoanguka uso wake ulielekea meza yangu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu ndani. Nikasikia refa anasema saba, na mkono wangu ukapiga. Nilidhani nimemwokoa. Aibu ya kuhesabiwa mbele ya watu wale wote, siku zile, tuliiona kubwa kuliko kitu chochote. Ujinga gani!

Halafu ikaja ya kumi. Nani alipiga kengele ya kuianza? Ni mimi. Na ya kumi na moja. Raundi sita, mama, kila moja niliifungua kwa mkono huu, nikakaa kutazama Cherehani anavyompiga mtu ambaye hayupo. Mpaka leo watu wananiambia, "Wewe uliona ushujaa ule kwa karibu." Mimi niliona mtu anabomolewa. Alishinda, ndiyo. Mwaka wa pili akaanza kusahau njia ya nyumbani. Ningemwacha alale sekunde tatu zaidi, leo angekuwa babu wa watu, anajinyoa mwenyewe.

Kwa nini niliandika ukweli? Sijui. Kengele nimeipiga kwa moyo, lakini saa ilikuwa mbele yangu na kalamu nilifundishwa kuandika kinachosomeka kwenye saa. Kila siku ya miaka hii nilingoja mtu aione. Nilipokuandikia habari za panya nilikuwa naogopa. Sasa umeiona wewe, na nimechoka kuogopa.

Iweke kwenye orodha. Usinihurumie, huruma yangu mimi unaona ilichozaa. Tarehe mbili nitakuja mwenyewe kwenye kikao niyaseme haya, karatasi ikiwa mezani. Chumba cha Kisiki tutakiombea kwa njia nyingine. Cherehani apewe kilicho chake.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na tisa hujanijibu, na nimeelewa: ni jambo lisiloandikika. Nisamehe kwa kukuuliza.

Usihofu tena. Leo asubuhi mkuu wa masjala alisema kesho atakagua meza zote. Nilichukua ile karatasi nikaenda mahali pa ndoo za kudekia. Nilitaka kuichana tu, lakini niliona vipande vinaweza kuunganishwa, nikavitia kwenye maji ya sabuni. Wino ulitangulia kutoka. Nilisimama pale mpaka maji yakawa ya rangi moja.

Kwenye orodha nimeandika: Karatasi ya mpiga kengele, haikuonekana. Nimetia sahihi.

Lala usingizi sasa. Hakuna atakayejua.

Binti yako

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama ulifika salama, maana uliondoka bila kupita dirishani.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na sita. Nilikuwa na siku saba nzima za kukuzuia. Nilikaa nayo mfukoni. Nilijiambia kifua chako hakitakuruhusu kusafiri. Nikajiambia barua yangu ya tarehe ishirini itakufikia kwanza. Kumbe ulishatoka nyumbani.

Ulipoingia na lile koti la sherehe nilikuwa nimekaa kwenye kona naandika muhtasari. Niliandika kila neno lako, ndiyo kazi yangu. Niliandika: Mzee aliyekuwa mpiga kengele alisema aliwahisha kengele kwa sekunde kumi na mbili. Niliandika pia kwamba wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakukusudia ubaya aliposema, "Mzee wetu, kengele zote ulizopiga zimekuingia kichwani." Ukasema, "Niliandika kwa mkono wangu. Dakika mbili, sekunde arobaini na nane. Imo kwenye jalada." Akanigeukia. "Karani?"

Nikasema, "Haipo, mwenyekiti."

Ulinitazama. Hukunikasirikia, na afadhali ungenikasirikia. Ulinitazama kama refa anavyomtazama bondia, kuona kama macho bado yanaona. Kisha ukasema, "Samahani binti, nimekupotezea muda," kama mtu asiyenijua, ukachukua kofia yako.

Kamati imemchagua Kisiki kwa kura nne kwa moja. Wameandika kuwa aliinuka.

Nilitaka kukulinda. Hilo ndilo nililolifikiria pale kwenye ndoo, nakuapia, ingawa nikijichunguza sana najiona nilifikiria na meza yangu. Niandikie, hata kama ni matusi.

Binti yako

16 Aprili

Mama,

Marahaba. Barua yako ya tarehe ishirini niliikuta imesukumwa chini ya mlango niliporudi. Nilikuwa nimeshajua.

Sikutukani. Nitakutukana kwa lipi ambalo sikukufundisha? Uliona mtu unayempenda yuko chini, ukapiga kengele.

Lakini sikiliza. Nilipotoka kwenye kikao Cherehani alikuwa kwenye benchi la nje, na kofia magotini. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote. Nilitegemea anipige, mkono ule bado unaweza. Aliuliza, "Ngapi?" Nikasema kumi na mbili. Akasema, "Basi sikuwa kichaa." Akaniuliza karatasi iko wapi, wanawe wapate kuiona, maana mke wake amekufa akiamini anazusha. Nikamwambia wamesema haipo. Akasema, "Kuna binti pale dirishani ana adabu sana, ananihangaikia. Huyo ataipata."

Sikumwambia wewe ni nani wala ulichofanya. Amenyang'anywa mara mbili na nyumba moja, na sehemu yangu nimeshaikiri kwake. Iliyobaki ni yako. Mwambie mwenyewe.

Kisiki amehamishiwa kwenye chumba chake kipya. Muuguzi ndiye anayemnyoa, na mimi siendi tena.

Baba yako

24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sina la kukuuliza kuhusu afya yako ambalo nastahili kujibiwa.

Cherehani amekuja leo. Hakuuliza karatasi. Alisema amesikia matokeo, na kwamba amekuja kunishukuru kwa usumbufu wote alionipa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu barua yako ifike. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi ndogo, ilikuwa mbele yangu. Mkuu wa masjala alikuwa amesimama nyuma yangu anatafuta jalada. Nilingoja aondoke. Akaondoka. Nikaendelea kungoja.

Cherehani akainama mpaka uso wake ukawa sawa na dirisha, akapunguza sauti. "Wewe umesoma majalada yote, mwanangu, na hujaniita kichaa hata siku moja. Niambie ukweli wako tu, sitamwambia mtu. Kati yangu na Kisiki, nani alikuwa bora?"

Nikamwambia, "Kamati imeshaamua, mzee."

Akasema, "Haya." Akavaa kofia, akampisha mtu aliyekuwa nyuma yake.

Binti yako