Likizo ya Katibu wa Zimamoto

Kikosi cha Zimamoto,
Kinu cha Pamba Mhangala,
Shinyanga.
9 Juni 1974

Kwako Mama Salvina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, hajambo Salvina, hajambo Mayu? Huyo Mayu, mama yangu, mwambie nimepata karanga alizonitumia, nimezila kwa siku mbili kama mtoto. Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la pamba, nacho kila mtu hapa anacho. Je, mimba inakusumbua? Usibebe kuni nyingi.

Msimu umeanza. Malori yamepanga foleni hadi barabarani na mashine hazinyamazi. Sisi wazimamoto ni kumi na wanne, tunalinda kinu na maghala manne. Gari tunalo moja, na buti jozi sita. Anayetoka zamu anavua, anayeingia anavaa, zikiwa bado na jasho la mwenzake.

Jumapili iliyopita wenzangu walinichagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa kikosini, kwa sababu ya mwandiko wangu wa Misheni. Tumeandika madai yetu kwa Meneja: buti na makoti kwa kila mtu, haki kwa atakayeumia kazini, likizo kwa zamu hata wakati wa msimu, na nyumba za kuishi na wake zetu. Hilo la nyumba nililisema mimi. Walicheka, kisha wakaniambia niliandike. Tunalala wote chumba kimoja kirefu, Mama Salvina, na aliyeoa hapa ni kama hajaoa. Rafiki yangu Jilala ndiye pekee aliyepanga chumba uraiani na mkewe, Limi. Jioni akiondoka na taulo lake begani, tunamtazama hadi anapotelea kwenye kona.

Nakukumbuka. Sijui kuliandika zaidi ya hapo.

Mumeo,
Baba Salvina

*

Ushirombo,
14 Agosti 1974

Mpendwa Baba Salvina,

Milele, amina. Sote wazima, isipokuwa Mayu ambaye haumwi popote lakini hali chakula.

Tumeambiwa tuhamie kijiji kipya kando ya barabara kabla ya mwezi kwisha. Kila mtu abomoe kwake, achukue miti na milango, akajenge kwenye kiwanja atakachopimiwa. Majirani wameshaanza. Ukisimama nje asubuhi unasikia mapanga na mabati tu. Nilimwambia Mayu tuanze kufungasha, akaniambia, "Nyumba hii aliijenga mume wangu. Kama ni kubomolewa, ataibomoa mwanangu. Mwandikie aje." Tangu hapo amekaa mlangoni.

Basi nakuandikia. Njoo, hata siku tatu. Nina mimba ya miezi minane, siwezi kupanda juu ya paa. Na hata ningeweza, sitaki. Tangu Krismasi sijasikia sauti yako. Salvina ameniuliza kama baba yake ana ndevu, nikajikuta nafikiri kwanza kabla ya kumjibu.

Njoo.

Mkeo,
Mama Salvina

*

Shinyanga,
30 Agosti 1974

Mama Salvina,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia jana, imekaa njiani wiki mbili. Leo asubuhi niliingia kwa Meneja nikiwa nayo mkononi.

Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mkeo ana mtu wa kumsaidia?"

Nikasema, "Kuna mdogo wangu, Donatus."

"Basi Donatus atamsaidia. Wakati wa msimu hakuna likizo, Leodgar. Unaijua sheria."

Nikamwambia, "Msimu ukiisha mnapunguza watu, mnasema mko wachache, hakuna likizo. Sasa likizo ni lini?"

Akaniambia niache kumletea maneno ya chama ofisini kwake.

Nilitaka kutoroka. Nilifungasha kabisa. Jilala akaketi juu ya sanduku langu akasema, "Ukitoroka watakufukuza, na hayo madai ataandika nani? Mimi sijui hata kuandika jina la Limi." Nimebaki. Nisamehe wewe, na umwombe Mayu anisamehe.

Mumeo,
Baba Salvina

*

Kijiji Kipya, Ushirombo,
6 Oktoba 1974

Baba Salvina,

Tu wazima. Una mtoto wa kiume, amezaliwa tarehe 21 Septemba. Nimempa jina la baba yako, Otmar, kwa kuwa hukuwepo kuulizwa.

Donatus alipanda juu ya paa. Mayu hakutoka mlangoni hadi bati la mwisho liliposhushwa, na mlango wenyewe niliung'oa mimi, bawaba moja baada ya nyingine, naye ameketi pale akinitazama. Hakulia. Aliniuliza tu, "Amesema kwa nini haji?" Nikamwambia ni kazi. Akasema kazi gani hiyo inayomkataza mtu mama yake. Uchungu ulinishika kabla kuta za hapa hazijafika kiunoni, nikajifungulia zahanati ya Misheni. Masista wakaniuliza mume yuko wapi, nikasema Shinyanga, wakatikisa vichwa kama kwamba nimesema Ulaya.

Sikulaumu. Ila nitakuambia ukweli. Wenzako wana katibu. Mimi nina karatasi.

Coletha

*

Shinyanga,
24 Novemba 1974

Mama Salvina mpenzi wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nimekaa kimya. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimeikubali yote. Mtoto Otmar mbusu paji la uso. Usikasirike kwamba nimechelewa. Kulitokea moto.

Ilikuwa tarehe 29 Oktoba, saa saba mchana. Ghala namba mbili, marobota yamepangwa hadi darini. Moto wa pamba hauwaki kwa kelele. Unatembea ndani kwa ndani, unaona moshi tu, kumbe umeshakuzunguka. Tuliuzima jioni, lakini tumempoteza Jilala. Marobota yalimporomokea. Aliishi siku tatu hospitali. Alikuwa amevaa katambuga, zile kandambili za tairi, kwa sababu buti zilikuwa na walio zamu. Limi amebaki na watoto watatu.

Nina habari nyingine. Meneja amenipa nyumba. Ni ile ya karani aliyehamishwa, vyumba viwili, bati, bomba la maji liko uani. Anasema niwalete wewe na watoto hata kabla ya Krismasi. Kuna maneno machache anayotaka niandike kwanza, mambo ya kazi tu, yasikusumbue.

Nimeipitia nyumba hiyo leo. Nimesimama jikoni nikakuona. Je, utakuja?

Mumeo anayekungoja,
Baba Salvina

*

Kijiji Kipya, Ushirombo,
8 Desemba 1974

Baba Salvina, mume wangu,

Pole sana kwa Jilala. Tumemwombea misa, na Mayu amelia kama anayemjua.

Lakini unaniuliza kama nitakuja! Nimeisoma mbele ya Mayu nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Kuku nimempa jirani Mektilda. Chungu kikubwa nitakibeba mwenyewe, wapakizi wa basi hawajui kushika chungu. Mayu amekataa kusafiri sasa hivi, anasema atakuja nyumba ikishapata moto wa jiko, na Salvina atabaki naye mpaka hapo. Mimi na Otmar tutapanda basi la Kahama Jumatano ya tarehe 18. Usijibu, tutapishana na jibu njiani.

Ninyoe nywele au nisinyoe? Utanikuta nilivyo.

Mkeo,
Mama Salvina

*

Kijiji Kipya, Ushirombo,
12 Januari 1975

Baba Salvina,

Tulifika salama hapa nyumbani. Otmar alilala njia nzima. Chungu nilimwachia Limi.

Naandika kwa sababu siku ile stendi nilishindwa kusema, nawe ulidhani nimekasirika. Nilikasirika, ndiyo, lakini sikuondoka kwa hasira.

Siku nne za kwanza katika nyumba ile nilikuwa na raha ambayo naiona haya. Nilifagia hata pasipo na taka. Ulirudi kutoka zamu, ukanawa, ukaketi, ukala, nikakutazama unavyotafuna. Nilikuwa nimesahau kwamba hutafuna upande mmoja. Nikasema moyoni, Bwana, mimi sitaki kingine.

Siku ya tano nikakutana na Limi pale bombani. Nyumba yake haina maji, huja kuchota kwetu. Alimbeba Otmar, akacheka naye, akaniambia, "Mume wako ndiye atakayenisaidia. Kampuni inasema Jilala zamu yake ilikuwa imekwisha, alijipeleka mwenyewe kwenye moto, kwa hiyo hakufa kazini. Lakini Baba Salvina alikuwa kiongozi wa zamu. Yeye anajua." Nilirudi ndani nikakuuliza yale maneno machache uliyotakiwa kuandika ni maneno gani. Ukasema, "Niandike kwamba sikumwita." Nikakuuliza, "Na ulimwita?" Ukasema, "Nilimwita kwa jina lake. Alikuwa anaoga. Alikuja na povu la sabuni shingoni."

Hujaandika bado, uliniambia. Karatasi ilikuwa chini ya godoro tulilolalia.

Leodgar, mimi si mtakatifu. Nilikaa usiku ule nikijaribu kutafuta namna ya kuipata ile nyumba na bado nimtazame yule mwanamke usoni kila asubuhi akija na ndoo. Sikuipata. Ndiyo maana nilifungasha. Sikukuambia kataa, wala sikukuambia kubali. Niliondoka ili usije ukasema uliandika uongo kwa ajili yangu, na usije ukasema uliikosa nyumba kwa ajili yangu. Uamue ukiwa peke yako, kama wewe.

Nyumba hii ya hapa haijazoea kunipokea. Naamka nasikiliza bomba.

Mkeo,
Mama Salvina

*

Shinyanga,
3 Machi 1975

Mama Salvina,

Salamu kwenu wote, na kwa Mayu shikamoo nyingi. Mimi mzima. Niko tena kwenye kile chumba kirefu, kitanda changu kilekile cha dirishani.

Karatasi niliirudisha kwa Meneja siku tatu baada ya wewe kuondoka. Ilikuwa tupu. Hakufoka. Alinyoosha mkono nimpe funguo.

Shauri lilisikilizwa mwezi uliopita. Alikuja Afisa wa Kazi, akaja mwakilishi wa chama kutoka mkoani, tukakaa kwenye bwalo, wazimamoto wote ukutani wamesimama. Wakili wa kampuni akaniuliza, "Kama kweli ulimwita mtu aliyemaliza zamu, asiye na buti, asiye na koti, aingie ghala linalowaka, huoni kwamba kifo chake ni kosa lako?" Mama Salvina, swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza tangu Oktoba. Nikasema, "Nalibeba. Nilimwita kwa sababu tulikuwa sita na moto ulitaka watu ishirini. Nilimwita naye akaja. Huo ndio ukweli, na mkewe asinyimwe haki kwa sababu mimi naona aibu." Nikakaa. Stanslaus, dereva wetu, akasimama akasema hata yeye alisikia nikiita. Kisha mwingine. Kisha wakasema wote.

Limi ameshinda. Jilala ameandikwa kuwa alikufa kazini. Buti zimekuja, jozi kumi na nne, na makoti, ingawa makoti yenyewe ni makubwa tunaonekana kama maaskofu. Likizo imekubaliwa, mmoja mmoja, mwaka mzima, hata msimuni. Nyumba wamesema hapana. Hapana kabisa, wala tusiulize tena mpaka miaka mitatu ipite.

Ile ya karani wamempa mtu wa mizani. Nikipita pale natazama upande wa pili.

Likizo tumepiga kura. Waliniambia katibu awe wa kwanza, nikakataa, nikachukua karatasi kama wote. Nimeokota ya saba.

Mumeo,
Baba Salvina

*

Kijiji Kipya, Ushirombo,
20 Julai 1975

Baba Salvina,

Tu wazima. Otmar anatembea, anaanguka, anaamka bila kulia. Mayu macho yanamsumbua, lakini barua yako ya shauri amenisomesha mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Huyo ni baba yake kabisa," akaenda shambani peke yake, hakurudi mpaka jioni.

Wa ngapi sasa? Hesabu yangu inasema wa tano yuko nyumbani kwake. Simjui jina, lakini kila siku namwombea asiugue, asipatwe na msiba, asicheleweshwe na chochote, arudi kazini kwa tarehe yake. Sijawahi kumwombea mtu nisiyemjua kwa bidii namna hii.

Mkeo,
Mama Salvina

*

Stendi ya Kahama,
2 Septemba 1975

Mama Salvina,

Tumsifu Yesu Kristo. Basi limevunjika springi, tumeambiwa tukae. Nimenunua karatasi hii dukani kwa sababu nikikaa bure nitapanda basi jingine lolote, hata linaloenda Tabora.

Nina cheti cha likizo cha siku ishirini na nane, kina muhuri. Wenzangu walinisindikiza stendi wote waliokuwa hawana zamu, wamevaa buti mpya, watu wakadhani kuna moto. Limi amenipa kile chungu chako. Nimekishika mapajani tangu Shinyanga.

Ninaogopa kidogo. Siku ishirini na nane ni chache, na najua siku ya ishirini na tisa nitakuwa tena kwenye basi hili, nikitazama nyuma. Mayu nitamwambia nini? Nyumba ya baba haipo tena niibomoe wala niijenge. Na Salvina asiponijua, usimlazimishe kunisalimu. Mwache anizoee taratibu. Mimi nitakaa tu pale atakaponiona.

Nina ndevu. Mwambie.

Dereva anawasha injini. Barua hii siiposti. Nitakuletea mwenyewe, uisome nikiwa nimeketi karibu yako.

Mumeo,
Baba Salvina