Jina la Mama Zena

Mama, shikamoo!

Jengo hilo refu kwenye kadi sijalifikia. Niko Mirdif, mtaa wa pembeni mwa jiji hili la jangwani, ambako kanga inakauka kabla sijamaliza kuianika.

Madam wangu Mmarekani anatafuta ukoo wake, wazee waliohamia Marekani kwa meli, wakasonga bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Jana kakwama kwa bibi mmoja: kila mahali kaandikwa mke wa fulani tu. Nikacheka, "Kwetu mwanamke haachi jina lake akiolewa!"

"Bibi yako aliitwa nani?"

"Mama Zena!" Hapo nikakumbuka Zena ni wewe; jina lake mwenyewe silijui.

Nibip Ijumaa, nikupigie. Kabla ya salamu, nitajie jina lake.

Nibusie mwanangu Juma, umwambie mama yake anaitwa Rehema.